Hofu nayo ifundishwe, jamani!

Mitihani inabisha hodi, ila nina hoja moja nataka niitoe kabla sijazama vitabuni.

Sisi tunaosoma Kichina hapa chuoni wote tunaanzia palepale: nǐ hǎo, xièxie, na namna ya kuuliza bei. Safi tu. Lakini mimi ni mtu wa Ngara, na naona maneno ya hofu na wasiwasi yanachelewa mno kufundishwa.

Kule kwetu Rusumo, mpakani na Rwanda, umejengwa mradi wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Ujenzi ulianza 2017, na makandarasi wa Kichina walikuwemo. Sasa fikiria kijana wa Ngara au Biharamulo amepata kibarua kwenye mradi wowote wa namna hiyo. Jukwaa linayumba, nyapara anamwambia apande. Xièxie itamsaidia nini? Anahitaji wēixiǎn, hatari. Anahitaji wǒ hàipà, naogopa, au wǒ bù gǎn shàngqù, sithubutu kupanda.

Na maneno yenyewe hayatutupi mkono. Dānxīn, kuwa na wasiwasi, limeungwa kwa kubeba begani na moyo: yaani moyo umegeuka mzegazega! Kumtuliza mtu unamwambia fàngxīn, tua moyo wako. Si ndiyo sisi na "roho juu" yetu?

Mtego upo kwenye kǒngpà. Ndani yake mna pà, kuogopa, lakini nyapara akikujibu kǒngpà bùxíng, usidhani anatetemeka. Anakukatalia kistaarabu. Ni sawa na "nachelea haitawezekana", na kuchelea nako kumetoka kwenye kucha, yaani kuogopa.

Najua wapo watakaosema mwanaume haogopi. Waulizeni waliopita mapori ya Biharamulo miaka ya 2000, mabasi yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi. Kuna aliyeona aibu kusubiri msafara? Wahenga walishamaliza: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Kwa hiyo walimu wetu, hofu iingie wiki ya kwanza, bega kwa bega na salamu. Bei tutauliza baadaye, tukiwa wazima.

Naomba kuwasilisha. Mnasemaje wadau?