Tufundishe Pia Ubomoaji

Mwanafunzi wa Handeni au Korogwe huijua homa ya malaria kabla hajaijua seli. Hata hivyo, masomo yetu hukazia mno ujenzi wa protini na kuupuuza ubomoaji wake.

Seli ipatwapo na joto kali husimamisha kazi nyingi, ikakusanya RNA na protini katika chembechembe za muda. Joto lipunguapo, chembechembe hizo sharti ziyeyuke. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba kuyeyuka huko huhitaji ubikwitini, protini ndogo yenye asidi amino 76, ambayo hubandikwa juu ya protini nyingine, mara nyingi iwe alama ya kuvunjwa. Ugunduzi wa kazi hiyo uliwapatia Ciechanover, Hershko na Rose Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004.

Haya si mambo ya ng'ambo tu. Kimelea cha malaria nacho hutumia ubikwitini. Artemisinini huharibu protini zake hata mfumo wake wa kuzivunja ukalemewa. Basi usugu wa dawa hiyo, ambao umekwisha kuonekana Kagera, hautaeleweka vyema pasipo somo hili. Korogwe ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Walimu wenzangu, tusipowaandaa vijana wa huko, nani atakayeendeleza utafiti huo?