Fani si Ganda: Funzo la Michoro ya The Secret of Kells

Kwa miaka mingi, wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelumbana kuhusu uhusiano wa fani na maudhui. Wapo wanaoshikilia kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo. Wapo pia wanaosisitiza kuwa viwili hivi ni sura mbili za sarafu moja, na kwamba kuvitenganisha ni kuiua kazi ya sanaa. Mjadala huu aghalabu huishia katika riwaya, tamthilia na ushairi. Filamu ya vibonzo huachwa nje ya ua, ikidhaniwa kuwa tumbuizo la watoto. Dhana hiyo inawanyima wanafunzi ushahidi ulio wazi mno, kwa kuwa katika filamu ya namna hiyo kila mti, kila ukuta na kila kivuli kimechorwa na mtu kwa kusudi maalumu.

Mfano mwafaka ni The Secret of Kells, filamu ya fantasia iliyotolewa mwaka 2009 chini ya uongozi wa Tomm Moore na Nora Twomey. Iliandaliwa na studio ya Cartoon Saloon ya mjini Kilkenny, Ayalandi, kwa ushirikiano na Ufaransa na Ubelgiji. Mhusika mkuu ni Brendan, mvulana anayelelewa katika monasteri na Abate Cellach, mtu aliyezama katika ujenzi wa ukuta wa kuwazuia Waviking. Mtawa mzee, Aidan, anawasili akiwa na kitabu ambacho hakijakamilika, na Brendan anaingia mwituni kutafuta matunda ya kutengenezea wino.

Kitabu hicho si cha kubuni. Kitabu cha Kells kiliandikwa kwa mkono, kwa Kilatini, yapata mwaka 800, juu ya ngozi za ndama. Leo kimehifadhiwa katika maktaba ya Trinity College, Dublin. Moore na mkurugenzi wa sanaa, Ross Stewart, waliirejelea sanaa ya zama hizo walipobuni sura ya filamu. Hata hivyo, ubora wa kazi yao hautokani na kunakili mapambo. Unatokana na kuchukua kanuni zilizoyazaa mapambo hayo.

Kanuni ya kwanza ni ubapa. Wachoraji wa Kells hawakuonyesha umbali kwa kufifisha au kudogesha vitu vilivyo nyuma, na filamu nayo huwapanga watu, minara na miti juu ya bapa moja, mithili ya ukurasa. Kanuni ya pili ni msuko wa mistari. Mwitu umechorwa kwa matao na matawi yanayopindana na kusukana, ilhali Abate ni mrefu, wima na mkavu kama ukuta anaoujenga. Waviking nao ni vivuli vyeusi vyenye pembe na ncha, visivyo na mkunjo wowote wa kibinadamu. Mtazamaji hutambua mgogoro baina ya woga na ubunifu kabla mhusika hajafungua kinywa.

Ushahidi mzito zaidi umo katika pambano la Brendan na Crom Cruach, mungu wa kale wa visasili vya Ayalandi. Wabunifu walimpa umbo la nyoka wa mistari, jamaa wa wanyama wanaojing'ata katika kurasa za Kells. Brendan hatumii upanga. Anamzingira kwa chaki, mstari baada ya mstari, hadi nyoka anajila mwenyewe. Hapa fani haikibebi kisa tu; mchoro ndio silaha, na mchoro ndio hoja.

Studio hiyo iliendeleza mbinu hii katika Wolfwalkers, filamu ya mwaka 2020. Humo, mji wa Kilkenny wa mwaka 1650 umechorwa kwa mistari migumu inayofuata michapo ya mbao ya karne hiyo, na mwitu kwa penseli huru iliyoachwa na alama zake za awali. Udhibiti na uhuru vimetofautishwa kwa aina ya mstari.

Huenda ikadaiwa kwamba haya ni mambo ya wachoraji, hayamhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Dai hilo halina mashiko. Mtunzi wa utendi anaporudisha kina kimoja mwishoni mwa kila ubeti, anafanya kazi ile ile: anakifanya kisa kirefu kiwe kitu kimoja sikioni. Anayeweza kuihakiki bahari ya utendi ana zana za kuuhakiki mstari wa mchoraji.

Pamoja na sifa hizi, filamu hii ina dosari isiyostahili kufumbiwa macho. Inakitukuza kitabu, lakini inanyamaza kuhusu yaliyomo, yaani Injili nne. Mwishoni, ukurasa maarufu kuliko yote unajifungua kwa mng'aro wa kustaajabisha. Herufi zake kubwa ni za mwanzo wa jina la Kristo kwa Kigiriki, ila mtazamaji haambiwi. Wasanii waliothibitisha kwamba mstari hubeba maana wameuacha mstari mkuu ubaki pambo. Yamkini walitaka kumkaribisha kila mtu, mwenye imani na asiye nayo. Lakini mgeni hakaribishwi kwa kufichwa jina la mwenye nyumba.

Dosari hiyo ina uzito pia katika mwambao wa Kenya. Siyu, katika kisiwa cha Pate, kulikuwa na waandishi walionakili na kuipamba misahafu kwa mikono yao katika karne ya 18 na ya 19. Vijana wanaosomea uchoraji wa vibonzo wakigeukia hazina hiyo, wasichukue maua ya pambizoni na kuliacha neno ambalo maua hayo yalichorwa kulitukuza. Nao wanaofundisha fasihi waufungue mlango wa uhakiki wa filamu, ili vijana hao wapate wa kuwauliza. Mwacha asili ni mtumwa, na anayebeba ganda la asili akatupa kokwa hajawa huru bado.