Nani Aliyekwambia?

  

Wasomaji wetu watukufu, wiki hii nimeletewa barua na dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kakamega, ambako amekuwa akiishi na wanawe kwa miaka kadhaa. Anaeleza kuwa jamaa zake wa Pwani wana kundi lao la WhatsApp, na kwamba ami yake, mtu mzima mwenye swala zake na heshima zake, kila kukicha hutia humo habari mpya: majani yanayoponya kisukari kwa siku tatu, benki itakayofungwa kesho, watoto waliotekwa njiani wakitoka shule. Nyingi si kweli. Dada huyu akinyamaza, wanawe huzisoma na kuziamini. Akisema neno, huambiwa amemvunjia mkubwa wake heshima. Anaongeza kwa uchungu kwamba siku ile yeye alipopeleka habari ya kweli kutoka Kakamega, kundi zima lilimcheka.

Naanza na hilo la kuchekwa, kwa kuwa lina mafunzo kuliko yote.

Jumatatu ya tarehe 8 Agosti 2022, zikiwa zimebaki saa chache Wakenya waende kupiga kura, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, marehemu Wafula Chebukati, alitangaza kwamba kura ya ugavana haitapigwa kesho yake katika kaunti mbili, Kakamega na Mombasa. Karatasi zilizochapishwa Ugiriki zilikutwa na makosa katika picha na maelezo ya wagombea. Tazama jinsi habari hii ilivyofanana na uzushi! Ilikuja dakika ya mwisho, ilimnufaisha au kumdhuru mtu katika siasa, na ilisimulia jambo ambalo akili huona haliwezekani: baada ya maandalizi ya miaka mitano, picha ya mgombea ikosewe? Mtu mwenye akili timamu alikuwa na haki ya kushtuka. Lakini ilikuwa kweli tupu, na kesho yake wapigakura wa Kakamega na Mombasa walipewa karatasi tano pale wenzao wa kaunti nyingine walipopewa sita.

Basi wale waliomcheka dada yetu walitumia mizani gani? Waliipima habari kwa ugeni wake. Na zile za ami waliziamini kwa mizani hiyohiyo, kwa sababu zilifanana na mambo waliyokuwa wakiyadhania tangu hapo. Hii ni mizani mbovu, na naogopa ndiyo itumiwayo na wengi wetu. Habari haiwi kweli kwa kuzoeleka wala haiwi uongo kwa kushangaza. Kilichotakiwa siku ile ni swali moja dogo: nani aliyesema? Jibu lilikuwapo. Amesema mwenyekiti wa tume, kwa jina lake na kwa sauti yake, mbele ya waandishi wa habari, juu ya jambo lililo chini ya mamlaka yake.

Nabii Sulaiman (a.s.) aliletewa na ndege Hudhud habari ngeni kuliko hiyo: kwamba kuna nchi iitwayo Sabaa, inatawaliwa na mwanamke, na watu wake wanalisujudia jua. Sulaiman hakumwambia Hudhud kuwa ni mwongo, wala hakuinua jeshi papo hapo. Katika Surat An-Naml tunaelezwa kwamba alisema atatazama kama ndege yule amesema kweli au ni miongoni mwa waongo, kisha akampa barua aipeleke na akangoja jibu. Barua ile ndiyo iliyokuwa uchunguzi wake. Nawausia vijana wa leo waliochoshwa na uzushi hata wakasema hawaamini lolote tena: huo nao ni uvivu, umevaa kanzu ya werevu tu. Mwenye kukataa kila kitu amejiepusha na kazi ya kuchunguza sawasawa na mwenye kukubali kila kitu.

Habari ile ya Kakamega ina mkia wake. Baada ya kuahirishwa, ikatangazwa kwamba kura ya gavana itapigwa tarehe 23 Agosti. Kisha tume ikaahirisha tena, na mwishowe kura ikapigwa tarehe 29. Sasa fikiri juu ya mtu aliyepokea tangazo sahihi la tarehe 23, lenye nembo na maneno ya tume, akalipeleka kwa wenzake baada ya tarehe hiyo kubadilishwa. Hakuzua kitu, na bado amewapotosha. Wanafunzi wa madrasa wanajua mlango wa nasikh na mansukh, yaani hukumu iliyokuja nyuma ikaondoa iliyotangulia. Sithubutu kulinganisha maneno ya Mola na matangazo ya viumbe, ila desturi ya kuuliza hili lilisemwa lini na je, limekuja jingine baada yake, ni desturi tuliyofunzwa tangu vyuoni. Kwa nini tunaiacha mlangoni tushikapo simu?

Kakamega hiyohiyo ilipatwa na msiba mzito kabla ya hapo. Jioni ya tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakiteremka ngazi za jengo la ghorofa kwenda makwao, ukatokea msongamano, wakakanyagana. Idadi ya waliofariki ilitajwa kwanza kuwa 13, kisha ikawa 14, na makumi wengine walijeruhiwa. Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wao.

Jioni kama ile ndipo elimu ya habari inapohitajika hasa. Tofauti ya 13 na 14 haikuwa uongo wa mtu. Idadi ya msiba hubadilika kadiri madaktari wanavyofanya kazi yao, na habari ya saa ya kwanza huwa na upungufu hata mikononi mwa waaminifu. Ama kuhusu sababu, usiku ule zilizungumzwa nyingi, na kila msemaji alisema kwa yakini. Hapa inafaa tukumbuke kisa ambacho wafasiri wengi wanakitaja katika kuteremka kwa aya ya sita ya Surat Al-Hujurat, ile inayotuamrisha tuchunguze habari iletwayo na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Al-Walid bin Uqba alitumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq. Watu wale walitoka kumlaki. Yeye alipowaona kwa mbali wamekusanyika, na baina yao kulikuwa na uhasama wa zama za ujahili, akaogopa, akarudi Madina na habari kwamba wamekatalia zaka na wamekusudia kumuua. Ilikaribia wapigwe vita.

Macho ya al-Walid yaliona watu wametoka, na hilo lilikuwa kweli. Lililoharibika ni pale alipoongeza nia zao. Basi aliyekuwa kwenye ngazi za shule ile anaweza kusimulia aliyoyaona. Kwa nini yalitokea, nani wa kulaumiwa, hayo ni ya wachunguzi, na mwenye kumtaja mwalimu au mwanafunzi kwa jina kabla ya uchunguzi ameingia katika kuidhulumu heshima ya mtu. Na kuna lililo zito zaidi. Fikiri mama yuko barabarani anakimbilia hospitali, na simu yake inalia, na ndani yake kuna orodha ya majina iliyotumwa na asiyejulikana. Siku ile Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliweka katika hospitali kuu ya Kakamega dawati la kuwatafutia wazazi habari za watoto wao. Pale ndipo mahali pa kuuliza. Anayesambaza majina kwa simu anamwahi daktari kwa jambo ambalo daktari mwenyewe hulisema kwa sauti ya chini, baada ya kumkalisha mtu kitako.

Zamani habari ilikuwa na uso. Uislamu ulipofika Mumias, huko huko Kakamega, katika zama za Nabongo Mumia, uliletwa na wafanyabiashara wa kwetu Pwani waliotembea kwa miguu na misafara. Aliyeleta habari ya Pwani alikaa barazani, akaulizwa ametoka lini, amepita wapi, nani alikuwa naye. Leo ujumbe unafika bila uso. Hata hivyo simu yenyewe hutupa dokezo ambalo wengi hawalitazami. Ujumbe wa WhatsApp ukiwa na mishale miwili juu yake, maana yake umepita katika mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeuandika. Kwa lugha ya elimu ya hadithi, hiyo ni sanadi ya watu watano au zaidi ambao wote ni majhuul, hajulikani hata mmoja. Wanazuoni waliiacha hadithi kwa mpokezi mmoja tu asiyejulikana, nasi tunapokea ya watano na kuisoma mbele ya watoto! Wapo hata wenzangu wanaoisoma juu ya mimbari, na hilo linanisikitisha kuliko la ami.

Tuje kwa ami. Dada yangu, tatizo lako linatokana na kudhani, wewe na jamaa zako, kwamba kukataa habari ni kumwita aliyeileta mwongo. Sivyo. Maimamu wetu walishurutisha mambo mawili kwa mpokezi: uadilifu wake, na udhibiti wake wa kile anachokipokea. Wa kwanza bila wa pili hautoshi. Katika utangulizi wa Sahihi yake, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Zinad kwamba aliwakuta Madina watu mia, wote wakiaminiwa, na hadithi haikuchukuliwa kwao, kwa kuwa haikuwa fani yao. Watu mia wa Madina! Hakuna aliyesema wametukanwa. Basi ami yako ni mwadilifu, na swala zake ni zake, lakini dawa ya kisukari si fani yake.

Usimsahihishe mbele ya kundi. Mpigie simu, umwamkie kama ulivyolelewa, umwulize kwa upole: Ami, nani aliyekuletea hii, naye aliipata wapi? Mara nyingi swali hilo litamchosha zaidi ya hoja yoyote. Kama ni picha, mwanao anaweza kuitafuta kwa Google akaonekana lini na wapi ilitumika mwanzo; picha nyingi za majanga ni za nchi nyingine na miaka mingine. Kama ni habari iliyoenea, tazameni kama PesaCheck au Africa Check wameichunguza. Hao kazi yao ni hiyo na huonyesha njia waliyopitia. Ikiwa ni dawa, mwulizeni daktari kabla mgonjwa hajaacha sindano zake. Hili la dawa usilinyamazie kwa heshima ya yeyote. Bwana Mtume (s.a.w.) amemhesabu miongoni mwa waongo mtu ambaye kila kiingiacho sikioni mwake hukitoa mdomoni, na kumzuia mkubwa wako asiingie humo ni katika wema kwake.

Sauti na sura nazo hazitoshi tena kuwa ushahidi. Akili unde inaweza kumfanya sheikh aseme alichokuwa hajakisema, kwa lafudhi yake na kikohozi chake. Inatubidi turudi kwa mtu mwenyewe, tumpigie, tumwulize.

Na jambo hili kwetu Waislamu lina msimu wake. Kila ikifika tarehe 29 ya Shaabani simu hujaa: mwezi umeonekana mahali fulani. Kurayb alitoka Sham akarudi Madina mwishoni mwa Ramadhani, na Ibn Abbas (r.a.) akamwuliza waliuona lini mwezi. Akajibu, usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas hakuishia hapo, alimwuliza tena: wewe mwenyewe uliuona? Masuala ya mwandamo yana milango yake na sitaifungua leo. Ninachokitaka ni swali lile la pili. Mpaka hivi leo shahidi wa mwezi akija kwa kadhi huulizwa alisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, pembe za mwezi zilielekea upande gani. Wapo wanaojibu moja baada ya moja bila kusita. Na wapo wanaosema kwamba wao hasa hawakuuona, ila shemeji yao ametumiwa ujumbe, na hapo kadhi huiweka kalamu chini.