Bichi Isiyo na Watu

Ingia kwenye mapokezi ya hoteli nyingi kati ya Diani na Galu, utakuta picha ileile ukutani: mnazi ulioinama, ngalawa moja, jua linazama. Mtu hayupo. Hata mwenye ngalawa hayupo! Huku Mwabungo asubuhi bichi ina wavuvi, akina mama wenye ndoo wanaosubiri samaki, watoto, mabichi boi. Hao wote wamekwenda wapi?

Wamefutwa, na kufutwa huko kuna faida yake. Ufuo ukishaonekana mtupu, anayeuza ploti hana kazi ngumu tena. Mwaka jana nililipwa kuandika maelezo ya picha za hoteli moja, nikaambiwa niondoe neno "wavuvi". Ati linaharibu utulivu.

Ndiyo maana namtetea Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, 1984. Mwaka 2016 alichora *Baikoko at the Mouth of the Mwachema River*. Mwachema ni huu wetu, unaoingia baharini karibu na Msikiti wa Kongo. Hapo pazuri, pa kupigia picha za harusi, yeye ameweka baikoko, ngoma ya Tanga ambayo wengi huilaani hadharani na kuichungulia kwa siri. Hiyo ndiyo mandhari: mahali pamoja na aibu zake.

Wahakiki wakimjadili huanza na Goya, Titian, Gauguin. Sawa, amesomea London na hafichi deni lake. Lakini mbona wengi huishia hapo? Maonyesho yake ya Royal Academy mwaka 2021 yalikuwa pia na kazi za wachoraji sita wa Afrika Mashariki aliowachagua mwenyewe, wakiwemo Meek Gichugu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke na Sane Wadu. Kijana wa Ukunda anayejifunza kuchora amewahi kutajiwa hata mmoja wao?

Na huyo Gauguin aliwauzia Wafaransa Tahiti kama paradiso. Biashara hiyo sisi wa Kwale tunaijua vizuri kuliko profesa yeyote. Armitage anazichukua rangi za paradiso na kuzipaka juu ya lubugo, kitambaa cha magome ambacho Waganda huzikia wafu wao. Kina matundu na mishono, naye haifichi. Paradiso yenye viraka, juu ya sanda. Hiyo huwezi kuiweka kwenye brosha.

Mtaniambia picha zake ni za matajiri. Moja iliuzwa New York mwaka 2019 kwa takriban dola milioni 1.5. Kweli, na inaniuma kwamba mama wa Mwabungo haoni kilichochorwa jirani yake. Lakini hilo ni deni la majumba ya sanaa na serikali yetu ya kaunti, wala si sababu ya kurudi kwenye mnazi.

Wachoraji wa barabarani siwalaumu, wanachora kinachonunuliwa. Nawaomba jambo moja tu: hoteli ikiagiza picha ya ufuo, mchoreni na askari wa geti anayemzuia mvuvi kupita.