Mizani ya kidijitali ipimwe ikiwa kazini

MKULIMA wa kahawa wilayani Ngara na mwenzake wa pamba wilayani Biharamulo wanajua uchungu wa mizani iliyochezewa. Ndiyo maana mizani ya kidijitali huonekana kuwa mkombozi katika vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS). Hata hivyo, namba kuwaka kwenye kioo si ushahidi kwamba ni ya kweli.

Ndani ya mizani hiyo mna kompyuta ndogo ya chipu moja, yaani maikrokontrola. Ikiwa kazini, huitwa kila mara: kipimo kipya kimefika, kitufe kimebonyezwa, umeme unakatika. Wito huo ni kikatizo. Kompyuta huacha inachofanya, huhudumia wito, kisha hurudi palepale ilipoishia.

Hatari ipo hapo. Karani ananakili jumla ya kilo 199 kutoka kwenye daftari. Akiisha kuandika 1 ya mamia, anaitwa pembeni. Nyuma yake mwenzake anaongeza kilo moja, daftari linasomeka 200. Karani anarudi na kumalizia tarakimu mbili zilizobaki: 00. Ameandika 100. Hakuna aliyeiba, lakini kilo 100 zimepotea. Chipu ndogo za biti 8 nazo husoma namba kubwa kwa vipande.

Kinga yake inajulikana. Mtunzi wa programu huzuia vikatizo kwa kitambo kidogo namba inaposomwa, kisha huviruhusu tena. Akisahau, kosa laweza kujificha kwa miezi. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi Therac-25 iliwazidishia dozi wagonjwa sita nchini Marekani na Canada. Sababu mojawapo ilikuwa sehemu za programu kuingiliana pale mtumiaji aliporekebisha maelekezo kwa haraka.

Kwa hiyo, kuweka jiwe la kilo 20 juu ya mizani iliyotulia hakutoshi. Kabla ya kununua mizani, AMCOS zidai ijaribiwe ikiwa kazini: mizigo mingi mfululizo, vitufe vikibonyezwa, umeme ukikatwa. Wakala wa Vipimo nayo isisitize hivyo.

Msimu ukianza, karani aandike kila mzigo kwa mkono, na mkulima ajumlishe stakabadhi zake mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, hata mizani iwe ya kisasa kiasi gani.