Simu Ikiuliza "Mambo?", Nani Atapokea "Shida"?

Kila Jumatatu asubuhi ujumbe mfupi uliingia katika simu za wagonjwa 273 nchini Kenya: "Mambo?" Basi. Haukutaja ugonjwa wala dawa. Hata jirani angeusoma, asingejua kuwa mwenye simu anaishi na virusi vya UKIMWI. Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na hata aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Huo ulikuwa utafiti wa kati ya 2007 na 2009, na matokeo yake yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2010. Kati ya waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walisema wametumia dawa zao ipasavyo. Kwa wasiotumiwa, ni asilimia 50. Waliodhibiti virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Tanzania nako, mwaka 2009 hadi 2010, vituo 129 vya huduma za afya katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini vilitakiwa kutuma kila wiki, kwa ujumbe wa simu, hesabu ya dawa za malaria zilizobaki. Mwanzoni vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa za malaria. Wiki ya 21, vilibaki 26.

Je, ni simu iliyotibu? La hasha. Simu ilipeleka habari tu. Kenya kulikuwa na mtu wa kumpigia mgonjwa. Tanzania kulikuwa na maofisa wa kuhamisha dawa kutoka penye akiba kwenda palipoishiwa. Ukimwondoa mtu huyo, "Shida" ya mgonjwa inabaki herufi tano kwenye kioo.

Ndiyo maana tuna wasiwasi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za UKIMWI katika nchi zetu ziliyumba, na wafanyakazi wengi wa afya waliolipwa kwa fedha hizo wakaambiwa wakae nyumbani. Simu za wagonjwa hazikuzimika. Waliopaswa kuzijibu ndio walioondoka.

Sisi tulioko ughaibuni hutuma nyumbani simu na vocha, tukidhani tumemaliza kazi. Wakubwa nao hupenda kupigwa picha wakizindua mradi wa simu. Lakini viongozi wa nchi zetu waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijafika huko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia mradi mwingine wa simu umezinduliwa kwenu, usiulize imenunuliwa mingapi. Uliza ni nani analipwa kujibu, na kwa fedha za nani. Wasipokuwa na jibu, hapo hakuna mradi, kuna sherehe tu.