Mtoto anayechezea redio usimfokee bure

Katika nyumba nyingi za Makwale, wilayani Kyela, redio ni chombo cha baba. Ikikutwa imefunguliwa mgongo, betri ziko huku na waya umevutwa hadi juu ya mwembe, mtoto aliyefanya hivyo anajua kinachomsubiri.

"Nani amekutuma?"

"Baba, nilitaka ishike mbali."

Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, kwa kofi au kwa maneno makali. Hata hivyo, jibu la mtoto huyo si la kupuuzwa. Duniani kuna watu wazima, wakiwemo walimu, madaktari, mafundi na wastaafu, ambao hukesha siku mbili wakishindana kwa jambo hilo hilo: nani ataweza kushika mbali zaidi na kusikika mbali zaidi.

Hao huitwa wanaredio wa ridhaa. Kama ilivyo soka ya ridhaa, hawalipwi. Hawatangazi habari wala muziki. Kila mmoja ana leseni, ana mtambo wake wa kupokea na kurusha sauti, na kituo chake kina jina la herufi na tarakimu. Majina ya vituo vya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Uganda 5X, na ya Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, huanza na 7Q.

Shindano lao kubwa linaitwa CQ World Wide DX Contest na lilianza mwaka 1948. La sauti hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, na la mlio wa Morse wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba. Kwa saa zetu, huanza saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi na kumalizika saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu. Ni saa 48. Vilabu vingi huweka watu kadhaa kwenye kituo kimoja wakipokezana: mmoja anazungumza, mwingine analala, wa tatu anachemsha chai.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi ajabu. Kituo kinataja jina lake, kingine kinajibu kwa jina lake, kisha wanapeana namba mbili: jinsi sauti inavyosikika na kanda ya dunia ambayo kituo kipo. Tanzania iko kanda ya 37. Basi, kila mmoja anaandika na kwenda kwa mwingine. Salamu za kuulizana shamba linaendeleaje hazina nafasi.

Mbali ndiyo mali

Mzazi wa Makwale asikilize vizuri hesabu ya mchezo huu. Ukizungumza na kituo cha bara jingine unapata pointi 3. Ukizungumza na nchi nyingine ya Afrika, Malawi kwa mfano, unapata 1. Ukizungumza na Mtanzania mwenzako hupati pointi. Lakini kila nchi mpya na kila kanda mpya unayoipata inahesabiwa kando, na jumla yake ndiyo inayozidisha pointi zako.

Tuseme kituo cha Tanzania, kwenye masafa ya aina moja, kimezungumza na vituo 40 vya mabara mengine na 10 vya Afrika nje ya Tanzania. Hizo ni pointi 120 na 10, jumla 130. Kama katika hao kimepata nchi 22 na kanda 8, unazidisha 130 kwa 30. Matokeo ni 3,900. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya hesabu hiyo, na huenda akaifurahia kuliko ile ya maembe ya dukani.

Utamu wake uko hapa. Ulaya, Marekani na Japani kuna maelfu ya vituo, kwa hiyo kimoja zaidi si habari. Vituo vya Tanzania ni vichache. Sauti inayoanza na 5H ikisikika, watu wengi humwita kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja anaitaka nchi hiyo kwenye daftari lake. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba anaishi mbali, mwisho wa barabara, karibu na ziwa, angekuta katika mchezo huu kwamba mahali pake ndipo panapotafutwa.

Wala mtambo si lazima uwe wa kutisha. Wengi hutumia wati 100, sawa na balbu kubwa ya zamani, na mtambo wa namna hiyo unaweza kuendeshwa kwa betri ya gari inayochajiwa kwa sola. Antena rahisi ya masafa ya megahezi 14 ni waya wa mita 10 hivi, uliokatwa katikati na kufungwa kati ya miti miwili. Mawimbi hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana.

Daftari halidanganyi

Mashindano yakiisha, kila kituo hutuma daftari lake ndani ya siku 5. Kompyuta za waandaaji huyalinganisha. Ulichoandika wewe na alichoandika mwenzako visipolingana, mawasiliano hayo yanafutwa, na huenda adhabu ikaongezwa juu yake. Aliyekimbilia wingi bila kusikiliza anajikuta nyuma ya aliyeenda taratibu. Kwa mzazi anayehangaika na mtoto wa "ndiyo baba" ambaye hata hajasikia alichotumwa, somo hilo lina thamani.

Na siku ya shida ndipo faida huonekana. Desemba 2004, timu ya wanaredio wa India ikiongozwa na mwanamama Bharathi Prasad ilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman. Walikwenda kwa ajili ya mchezo: visiwa hivyo vilikuwa kimya katika redio ya ridhaa kwa miaka mingi, na wanaredio wa dunia walikuwa wakivitamani. Tarehe 26 tetemeko likapiga, kisha tsunami. Simu na umeme vikakatika. Mitambo ile ile ikaanza kupeleka taarifa za nani yuko hai na nini kinahitajika. Walikuwa wamezoea kusikia jina moja katikati ya kelele na kuliandika bila kukosea herufi, na sasa jina hilo lilikuwa la ndugu wa mtu.

Watu wa Kyela hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanajua mvua za Aprili zinavyoweza kukata njia, na wanajua kungoja mtu aliye ziwani upepo ukibadilika.

Mzazi aanzie wapi?

Kwanza, sheria. Kurusha sauti hewani bila leseni ni kosa. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mtoto asinunuliwe redio ya upepo na kuachiwa azungumze ovyo. Kusikiliza ndiko kwa kuanzia.

Redio ya kawaida itatoa sauti kama ya bata kwenye masafa haya. Lakini kwa simu mzazi anaweza kufungua kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kilicho wazi kwenye intaneti. Tafuta "WebSDR Twente", weka namba kati ya 14,150 na 14,350, chagua USB, kisha sikilizeni pamoja mchana wa wikiendi ya mashindano. Ni kama mnada wa dunia nzima. Angalia bando lisiishe.

Pili, skauti. Tangu 1958 skauti wa dunia wana wikiendi yao ya kuzungumza kwa redio, ile ya tatu ya Oktoba. Hayo si mashindano, na mtoto huzungumza chini ya usimamizi wa mwenye leseni. Mzazi amuulize mlezi wa skauti shuleni.

Tatu, mchezo wa jioni usio na gharama. Wanaredio hutaja herufi kwa maneno ili zisichanganywe. Makwale ni Mike, Alfa, Kilo, Whisky, Alfa, Lima, Echo. Mtoto mmoja akae chumbani na daftari, mwingine asimame uani ataje majina kumi ya vijiji kwa namna hiyo, wadogo wapige masufuria. Herufi moja ikikosewa, jina zima linafutwa. Baba na mama nao wacheze. Wasishangae wakishindwa na mwanao wa miaka kumi.

Na ile redio iliyofunguliwa mgongo? Mtoto airudishe kama alivyoikuta, mzazi akiwa amekaa pembeni. Kisha amuulize swali moja kabla ya yote: "Ulishika wapi?"